Moyo Ukitibiwa kwa Joto, Umio Nao Ulindwe

Wapo ndugu zetu wanaopelekwa mbali kutibiwa moyo unaopiga ovyo. Wanaporudi nyumbani, ni vema familia ijue la kuangalia.

Ugonjwa huu hufanya vyumba vya juu vya moyo vitetemeke bila mpangilio. Damu yaweza kuganda humo na kuleta kiharusi. Dawa zisipotosha, daktari bingwa hupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa kinena hadi moyoni, kisha huunguza sehemu ndogo ndogo zinazoleta vurugu.

Hatari iko wapi? Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hupita nyuma ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Katikati ni milimita chache tu, hivyo joto huweza kupenya. Umio ukiungua sana, huweza kufanyika tundu kati yake na moyo. Madaktari walianza kuandika juu ya jambo hili mwaka 2004. Hutokea kwa nadra, chini ya mtu 1 katika 1,000, lakini wengi wanaopatwa hufa.

Ili kulinda umio, madaktari hupunguza nguvu ya joto wafikapo ukuta wa nyuma wa moyo, na huweka kipimajoto ndani ya umio. Wengine hupitisha humo mpira wenye maji baridi yanayozunguka. Katika utafiti wa London uliotangazwa mwaka 2021, kati ya wagonjwa 60 waliopozwa umio, 2 waliungua. Kati ya 60 wasiopozwa, waliungua 12. Siku hizi ipo pia njia ya mapigo mafupi ya umeme, isiyotegemea joto.

Nyumbani, kumbukeni kwamba jeraha hili hujificha. Dalili huanza mara nyingi kati ya wiki ya 1 na ya 4, pengine hata baada ya miezi 2:

- homa;
- maumivu ya kifua au ya kumeza;
- kutapika damu;
- kupooza au kuchanganyikiwa ghafla.

Msiseme ni malaria tu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na karatasi zake mkononi. Mwambieni daktari mapema kwamba moyo uliunguzwa, na lini. Kipimo cha kumeza kamera kisifanywe, maana hewa inayopulizwa yaweza kupita moyoni hadi kwenye ubongo. Kinachofaa ni picha ya kifua ya kompyuta.

Mgonjwa asiache dawa alizopewa bila kumwuliza daktari, hata akijisikia mzima.