Tabakelo ya Mfalme wa Prussia

Katika mkusanyo wa Gilbert, uliowekwa katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London, mna tabakelo, yaani kijaluba cha kutilia ugoro (na jina hilo tumelirithi kwa Wareno), iliyokuwa milki ya Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia aliyetawala tangu 1740 hata 1786. Imechongwa kwa krisoprazi, jiwe la kijani lililochimbwa Silesia, jimbo ambalo mfalme huyo alilitwaa kwa vita. Na juu yake mafundi wa Berlin wakapamba maua kwa dhahabu na almasi. Lakini lililonistaajabisha zaidi ni maarifa ya sonara: chini ya almasi amelaza utando wa madini uliotiwa rangi, mwembamba mithili ya ganda la kitunguu, ili jiwe lisilo rangi ling'ae kwa waridi au manjano kila linapoangukiwa na nuru ya mishumaa. Mfalme, aliyekuwa na shauku kubwa ya ugoro, alipiga marufuku vijaluba vya Ufaransa visiingizwe nchini mwake, kusudi mafundi wake wapate riziki. Nao wakamtengenezea vyake vikubwa na vizito kuliko vile vya Paris.