MALARIA HAIMNGOJI MJAMZITO



Kwa mshahara na haki, mwanamke na mwanamume kazini ni sawa. Kwa dawa, mambo ni mengine. Mama akiwa na mimba damu yake huongezeka, figo huchuja upesi, na dawa nyingine hupungua mwilini mapema. Kipimo kilichomfaa mwanamume huenda kisimtoshe yeye.

Kwa miaka mingi watafiti wa dawa waliwaacha wanawake nje. Sababu kubwa ilikuwa hofu. Kati ya mwaka 1957 na 1961 wajawazito wengi, hasa Ulaya, walipewa dawa ya thalidomaidi kutuliza kichefuchefu, na maelfu ya watoto wakazaliwa na viungo vifupi. Mwaka 1977 idara ya dawa ya Marekani ikashauri wanawake wanaoweza kuzaa wasiingizwe katika majaribio ya mwanzo. Shauri hilo liliondolewa mwaka 1993. Nia ilikuwa kumkinga mama. Lakini ugonjwa haukumngoja. Aliendelea kumeza dawa zisizopimwa kwa watu wa hali yake.

Tutazame hapa kwetu. Mwaka 2004 Uganda ilichagua dawa ya mseto, ile tunayoiita Coartem, kuwa ya kwanza kwa malaria. Mjamzito alibaki na kwinini: siku saba, mara tatu kwa siku, chungu, masikio yanavuma. Mchuma chai au mama wa mashineni akiacha katikati, malaria hurudi, na mtoto tumboni huumia.

Basi kuanzia mwaka 2006 hadi 2009, katika hospitali kuu ya Mbarara, si mbali na Nyamitanga, wajawazito 304 wenye malaria waliingia katika utafiti. Mimba zao zilikuwa zimepita miezi mitatu. Nusu walipewa mseto siku tatu, nusu kwinini siku saba. Kati ya waliofuatiliwa hadi siku ya 42, mseto uliponya 137 kati ya 138, kwinini 122 kati ya 125. Na wa mseto hawakusumbuliwa sana na dawa kama wa kwinini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali mseto huo hata kwa miezi mitatu ya kwanza.

Wanaume, msicheke. Uchunguzi wa kifua kikuu nchini, mwaka 2014 na 2015, ulionyesha wanaume wagonjwa ni kama mara nne ya wanawake. Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe. Kujikaza si uanaume.

Wajibu wetu ni huu:

1. Mama, ukienda zahanati sema wazi una mimba, au unadhani unayo. Pimwa damu kwanza, kisha maliza dawa yote.

2. Wajumbe wa chama, daini ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatambua likizo ya ugonjwa, na inampa mama siku 60 za kazi za uzazi.

3. Kibarua anayetoka Nakivale asiachwe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi, na malaria yake ni malaria yetu.

Akina mama 304 wa Mbarara walikubali kuhesabiwa, na wajawazito wa nchi nyingi wakapata nafuu. Nasi kazini tusikubali mama asihesabiwe.

Umoja ni nguvu!