Unajifunza Kijapani? Chagua manga kwa makini

Msikilizaji, kama unajifunza Kijapani kwa simu, huenda umeshauriwa kusoma manga, yaani vitabu vya katuni vya Japani. Ushauri huo ni mzuri, lakini ukikosea kuchagua utakata tamaa ukurasa wa kwanza.

Kwanza, angalia maandishi. Hiragana ni herufi 46 za msingi, na katakana vivyo hivyo, hizo utazizoea. Kazi iko kwenye kanji, kwani zile za matumizi ya kawaida pekee ni 2,136. Tafuta manga yenye furigana, yaani hiragana ndogo zinazowekwa kando ya kanji kuonyesha matamshi. Manga za watoto na vijana huwa nazo. Za watu wazima mara nyingi hazina.

Pili, angalia lugha. Kwenye hadithi za mapigano wahusika huitana "omae", hata "kisama". Yote mawili ni "wewe", lakini ukimwambia hivyo mwalimu au mwajiri, umemvunjia heshima. Anza na hadithi za maisha ya kila siku, kama Yotsuba&! ya Kiyohiko Azuma, kuhusu mtoto mdogo, baba yake na majirani. Lugha ya heshima endelea kuipata darasani.

Tatu, jaribu kabla ya kulipa. Maduka mengi ya mtandaoni hukuruhusu kusoma kurasa za mwanzo bure. Soma tatu, ukitoka kulia kwenda kushoto. Ukiifuata hadithi bila kufungua kamusi kila neno, kitabu hicho kinakufaa.