Harakati Nyingi Katika Picha Moja

Mnamo mwaka 1882 Étienne-Jules Marey, mwanazuoni wa Kifaransa aliyesomea utabibu, na ambaye sehemu kubwa ya umri wake aliitumia kupima mapigo ya moyo, hatua za farasi na mabawa ya ndege, alibuni kamera yenye umbo la bunduki, akawa aiegemeza begani, amlenga ndege arukaye, avuta kifyatuo, na badala ya kuitoa roho ya kiumbe yule apata taswira zake 12 katika muda wa sekunde moja.

Chombo hicho kilikuwa shani, lakini mwenyewe hakuridhika nacho, kwani picha zake zilikuwa ndogo na kila moja ilikaa mbali na mwenzake. Miaka minne kabla yake, huko California, Mwingereza Eadweard Muybridge alikuwa amepanga kamera 12 kando ya njia ya farasi wa mbio, akadhihirisha kwamba farasi apigapo mbio hufika nukta ambayo kwato zake zote nne hazigusi ardhi. Ila kamera zile zilifyatuliwa na nyuzi alizozigonga farasi mwenyewe, kwa hiyo zilifuata mwendo wake wala si mwendo wa saa. Marey alitaka jambo gumu zaidi: kamera moja, kioo kimoja chenye dawa, na vipindi vilivyo sawasawa.

Katika kituo chake cha Bois de Boulogne, mjini Paris, alisimamisha banda ambalo ndani yake lilikuwa jeusi, akampitisha mbele yake mtu aliyevaa nguo nyeupe, na mbele ya kioo cha kamera akazungusha sahani yenye matundu, ili kila tundu lipitapo liruhusu mwanga kidogo. Hikima yote ilikuwa katika weusi ule, maana kitu cheusi hakiachi athari juu ya kioo, na kila mahali ambapo mtu yule hajafika palibaki safi, pakimngojea. Hata hivyo, mtu aendaye polepole alijilundikia mwenyewe, mguu juu ya mguu, hata umbo likapotea. Marey akageuza mambo: akamvika mtu wake vazi jeusi kutoka utosini hadi nyayoni, akamtia mistari inayong'aa ubavuni mwa mkono na mguu, na kioo kikaonyesha mistari mitupu, imepangana mithili ya njiti za ukuti wa mnazi. Sura ya mtu ilitoweka, lakini mwendo wake ulipimika.

Leo fani hiyo iko mikononi mwa yeyote mwenye kamera ya kidijitali na kompyuta. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu isitikisike, mwanga na fokasi hufungwa visibadilike, picha hupigwa mfululizo, kisha hupangwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka la juu hufutwa isipokuwa pale alipo mtu. Kazi ya banda jeusi sasa hufanywa na utulivu wa mandhari. Ndiyo maana ampigaye picha kijana ajitupaye baharini pale Forodhani, Unguja, yafaa amweke mbele ya anga, kwa sababu maji hayatulii, na mawimbi ya picha moja hayataungana na ya picha nyingine bila kovu kuonekana.

Hapo ndipo kishawishi huingia. Aunganishaye picha huona maumbo mawili yamekaribiana mno, akalisogeza moja kidogo ili yapendeze, au akaliondoa lisilomvutia, asijue kwamba ameifuta habari iliyo bora kuliko zote. Kijana aangukaye huongeza kasi kila anapokaribia maji, na iwapo vipindi ni sawa, nafasi baina ya umbo na umbo huzidi kupanuka. Kasi yake imeandikwa katika nafasi hizo, wala si katika uzuri wa mkao wake. Basi mwenye kutaka kupunguza maumbo na apunguze kwa kanuni, abakize kila la tatu au la nne, na lililobaki aliache pale lilipopigwa. Na akiwa amelisogeza kwa ajili ya pambo, insafu yamtaka amwambie mtazamaji.