Bata mzinga wa maji ya chumvi: kazi kubwa ni kabla ya moto

Bata mzinga si kuku mkubwa. Mama aliyezoea kuoka kuku, akimtia tanurini bata mzinga wa kilo tano kwa mazoea yale yale, huenda akawaandalia wageni kidari kikavu huku mapaja yakiwa bado na damu. Dawa yake ni kumlaza katika maji ya chumvi. Chumvi huilegeza nyama na kuiwezesha kushika maji yake hata inapopata moto.

Kwanza ni halali. Ukinunua aliyegandishwa, hakikisha amechinjwa kwa mujibu wa sharia, kisha soma maelezo ya pakiti. Wapo wanaodungwa maji ya chumvi kiwandani. Huyo usimlaze tena, hataliika. Aidha, baadhi ya mapishi ya Ulaya na Marekani hutia mvinyo au bia katika maji hayo. Sisi tunatosheka na maganda ya machungwa, kitunguu thaumu, pilipili manga na mdalasini.

Myeyushe barafu ndani ya jokofu, siku moja kwa kila kilo mbili. Kumwacha mezani usiku kucha ni kuvialika vijidudu.

Kwa kila lita ya maji tia gramu 60 za chumvi. Chemsha sehemu ya maji hadi chumvi iyeyuke, ongeza yaliyobaki, yaache yapoe kabisa. Usitumie sufuria ya alumini, kwani chumvi huila; tumia ndoo safi ya plastiki ya kuwekea chakula. Mzamishe bata, umweke katika jokofu lenye nyuzi 4 au chini yake kwa saa 12 hadi 18, asizidishe.

Siku ya kuoka, mtoe na umwage maji yale, hayatumiki tena. Mpanguse ndani na nje kwa karatasi za jikoni. Usimwoshe bombani, kwa sababu matone huenda yakarusha bakteria kwenye vyombo na kachumbari. Mrudishe jokofuni bila kumfunika kwa saa chache ili ngozi ikauke, ndipo ipate kuiva kwa rangi nzuri. Mpake samli na viungo visivyo na chumvi.

Oka kwa nyuzi 165. Wa kilo tano hadi sita huchukua saa tatu au zaidi kidogo. Usiamini rangi, choma kipimajoto penye unene wa paja na wa kidari, pasipo kugusa mfupa, hadi kisome nyuzi 74. Mpumzishe dakika 20 kabla ya kumkata. Mafuta yaliyochuruzika yana chumvi tayari, basi onja mchuzi kabla ya kuongeza.

Kumkirimu mgeni ni ibada, na afya yake ni amana mikononi mwa mpishi. Kitakachosalia kihifadhiwe jokofuni kabla ya saa mbili kupita, na fungu la jirani lisisahauliwe. Kukitupa ni israfu.