LULU ZA RANGI YA DHAHABU

Katika kanisa la misheni ya Asumbi, karibu na Homa Bay, husomwa mfano wa mfanyi biashara aliyeuza mali yake yote ili anunue lulu moja. Wasikilizaji huufahamu mfano, bali wengi wao hawajapata kuiona lulu yenyewe, kwa maana bahari iko mbali nao. Basi mtu wa huko akienda mjini kumnunulia binti yake mkufu wa arusi, akaambiwa kwamba shanga za manjano zilizo mbele yake ni "lulu za dhahabu," atajuaje kama ni kweli?

Kwanza, jina lenyewe lapotosha. Watu wa upande wa Migori wanajua dhahabu huchimbwa ardhini na kuuzwa kwa mizani. Lakini lulu ya dhahabu haina dhahabu hata chembe. Huzaliwa ndani ya chaza, mnyama wa baharini mwenye magamba mawili. Atelemkaye hadi ufukoni mwa Ziwa Victoria aweza kuokota gamba la kome, na akiligeuza ataona ndani yake weupe unaometameta. Lulu ni kitu cha namna hiyo hiyo, nacho ni jamii ya chokaa kama ganda la yai. Kidudu kikimwingia chaza mwilini, au akijeruhiwa, hufunika mahali pale tabaka juu ya tabaka, mfano wa kitunguu. Yale masimulizi ya punje ya mchanga hayana nguvu, kwani chaza huutema mchanga bila taabu.

Chaza wa lulu hizi huitwa na wataalamu Pinctada maxima. Ni mkubwa kuliko chaza wote wa lulu. Gamba lake laweza kufikia upana wa sentimita 30, kama sahani kubwa ya wali. Huishi katika bahari za joto za Ufilipino, Indonesia, Myanmar na kaskazini ya Australia. Wengine wana ukingo wa rangi ya fedha ndani ya gamba, na wengine wa dhahabu, na rangi ya lulu hufuata ukingo huo. Wafilipino wanaithamini hata mwaka 1996 waliitangaza lulu hiyo kuwa kito cha taifa lao.

Zamani lulu zilitafutwa na wapiga mbizi. Katika Ghuba ya Uajemi kazi hiyo ya hatari ilifanywa hata na Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1893 Mjapani Kokichi Mikimoto alifaulu kumfanya chaza atoe nusu-lulu kwa mkono wa mwanadamu, na kufikia miaka ya 1930 biashara ya wapiga mbizi wa Ghuba ilikuwa imeanguka. Siku hizi fundi humpasua chaza kidogo, akatia ndani yake kijiwe cha mviringo kilichochongwa katika gamba la kome, pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine mwenye ukingo wa dhahabu. Hicho kipande ndicho kiletacho rangi. Kisha chaza hurudishwa baharini miaka miwili au zaidi, na wengine hufa kabla ya kuvunwa.

Huko Fumba, Unguja, wanawake wamefuga chaza wa jamii nyingine na kuvuna nusu-lulu zikuazo zikiwa zimegandamana na gamba. Bei yake ni ndogo kuliko ya lulu ya mviringo kamili.

Rangi za lulu za Pinctada maxima ni nyeupe, ya fedha, ya maziwa, ya manjano hafifu, hata dhahabu iliyokoza. Hiyo iliyokoza ni adimu, na bei yake hupanda zaidi ikiwa lulu ni kubwa, ya mviringo, safi na yenye mng'ao. Ndiyo sababu wako watu wazitiao rangi lulu za bei ndogo.

Mnunuzi na aisugue lulu polepole kwenye meno ya mbele: lulu hukwaruza kidogo kama mchanga laini, bali kioo huteleza. Lakini lulu iliyotiwa rangi nayo hukwaruza. Kwa hiyo na atazame pia tundu la uzi. Rangi ikiwa imejikusanya tundumo, yafaa aulize maswali kabla ya kutoa fedha. Na akiisha kununua, asiisafishe kwa siki wala kwa maji ya limau, kwa kuwa hula chokaa.