Mgeni Asiyetoka Katika Damu

Wewe unayekaa hapa Bendera wajua umeme wetu hutoka wapi. Maji ya mto Kiyimbi huzungusha mashine, na waya huupeleka umeme mpaka Kalemie. Mtu akija usiku na kuunga waya wake juu ya ule mkubwa, taa yake itawaka, ingawa hana mashine wala maji. Virusi vya SIDA hufanya vivyo hivyo ndani ya mwili.

Virusi hivi ni maskini, haviwezi kujizalia. Huingia katika chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, na humo hugeuza maandishi yao yawe ADN, uzi wa namna ile ile unaochukua urithi wetu. Lakini uzi wa chembe umefungiwa katika kiini, kama mali ya chumba cha ndani. Nani atamwongoza mwizi? Watumishi wa nyumba wenyewe! Protini ya chembe iitwayo CPSF6 hukishika kifuko cha virusi penye mlango wa kiini na kukisaidia kupita. Nyingine, LEDGF/p75, ambayo wataalamu wa Leuven, Ubelgiji, waliigundua katika kazi hii mwaka 2003, hukaa juu ya ADN mahali panaposomwa sana. Kwa mkono mmoja hushika uzi wetu, kwa mkono wa pili hushika integrasi, fundi wa virusi, naye huukata uzi na kuunga wa kwake. Tangu hapo chembe ikigawanyika, mgeni yumo.

Labda utauliza, basi vidonge vyafanya nini? Dolutegravir, iliyomo katika vidonge vya wagonjwa wengi siku hizi, huizuia integrasi isiunge. Chembe mpya huokoka. Lakini uzi uliokwisha kuungwa, hakuna kidonge kiufunguacho. Chembe nyingine hulala nao kimya. Wataalamu walipima, wakaona hupungua nusu kwa miezi 44 hivi. Kuzimaliza kwa vidonge tu kungetaka zaidi ya miaka 60.

Ukiambiwa virusi havionekani katika damu yako, furahi, maana hali ikidumu hivyo humwambukizi mwenzi wako katika tendo la ndoa. Lakini havijatoka. Wako wanaoacha dawa kwa kuwa wamenenepa, au kwa kuwa wameombewa. Ombewa, mama, na vidonge umeze. Mtu akiacha, chembe zilizolala huamka, na kwa wengi virusi hujaa tena katika damu kwa majuma machache. Ukisafiri, chukua vidonge vya siku zote utakazokaa, na vichache zaidi. Barabara ya Kalemie wakati wa mvua unaijua.